Mtoto akipunguza kucheza tumboni, usisubiri asubuhi

Saa 4 usiku. Vyombo vimeshaoshwa, televisheni imezimwa, na mama mwenye ujauzito wa wiki 34 amekaa ukingoni mwa kitanda, kiganja kikiwa juu ya tumbo. Kila siku muda kama huu, akishamaliza kula, mtoto humsumbua kwa mateke mpaka usingizi unamruka. Leo kimya. Akikumbuka vizuri, tangu asubuhi amemsikia mara moja tu, tena kwa mbali.

"Baba watoto, huyu mtoto leo hajacheza."

"Si atakuwa amelala? Na wewe umeshinda umesimama. Pumzika. Kliniki si Alhamisi? Utawaeleza huko huko."

Mama mkwe anasikia akiwa sebuleni. "Mwanangu, mwezi wa nane huo, nafasi imembana. Kunywa soda ya baridi, utaona atakavyoruka."

Anakunywa. Kitu kinatikisika tumboni, lakini hana hakika kama ni mtoto au ni gesi ya soda. Anajilaza na kusubiri kukuche.

Mfano huu si wa nyumba moja. Ni mazungumzo yanayoweza kufanyika usiku wowote, mjini au kijijini, na wote watatu wanamtakia mtoto mema. Tatizo ni kwamba ndani ya maneno yale machache mna makosa manne, na kila kosa linaweza kula saa ambazo mtoto hana.

Kucheza kwa mtoto kunasema nini

Wajawazito wengi huanza kumsikia mtoto kati ya wiki ya 16 na ya 24. Mwenye mimba ya kwanza mara nyingi huchelewa kidogo, baada ya wiki ya 20, kwa sababu hajazoea kutofautisha mtoto na tumbo linalounguruma. Mwanzoni huwa kama kipepeo au povu linalopasuka. Baadaye huja mateke, viwiko, kujinyoosha na kujigeuza.

Mtoto anayecheza ni mtoto anayepata hewa na chakula cha kutosha kupitia kondo la nyuma. Hewa ya oksijeni ikipungua, mwili wake hufanya kile ambacho familia hufanya kipato kinapopungua: hukata matumizi yasiyo ya lazima. Damu huelekezwa kwenye moyo na ubongo, na mtoto hupunguza kujitikisa ili kutunza nguvu. Ndiyo maana kupungua kwa kucheza kunaweza kuwa ishara ya mapema kwamba kondo la nyuma halifanyi kazi vizuri. Huenda mama asisikie maumivu wala kuona damu, na bado mtoto akawa anaomba msaada kwa njia pekee aliyonayo.

"Atakuwa amelala"

Ni kweli mtoto hulala tumboni. Ila usingizi wake ni wa vipindi vifupi, kwa kawaida dakika 20 hadi 40, na ni nadra kuzidi dakika 90. Mtoto aliyekuwa akicheza asubuhi, mchana na usiku hawezi kulala kutwa nzima. Ukimya wa tangu asubuhi hadi saa 4 usiku si usingizi.

Ni kweli pia kwamba mama mwenye shughuli nyingi anaweza asisikie kila tikisiko. Anayeuza sokoni, anayelima au anayeshinda kwenye cherehani akili yake huwa kazini. Kwa mwenye shaka ya namna hiyo, na ambaye mimba yake imevuka wiki ya 28, miongozo ya madaktari wa uzazi wa Uingereza imekuwa ikielekeza hivi: alale kwa ubavu wa kushoto na kumsikiliza mtoto kwa saa 2 bila kufanya kitu kingine. Asiposikia mitikisiko 10 katika muda huo, awasiliane na mkunga papo hapo.

Hayo ni kwa mwenye shaka. Ambaye ana uhakika kwamba mtoto ameacha kucheza, au amepunguza sana, hana saa 2 za kujilaza. Aondoke.

"Nafasi imembana"

Hili ndilo linaloaminika kuliko yote, na ndilo lenye hatari kubwa. Wengi wameambiwa na mama zao, na mama zao waliambiwa na bibi zao, kwamba mtoto akikaribia kuzaliwa hutulia.

Ukweli ni kwamba mtoto huongeza kucheza hadi karibu wiki ya 32, kisha hubaki kwenye kiwango hicho hicho hadi siku ya kuzaliwa. Hata uchungu ukishaanza, mtoto huendelea kujitikisa. Kinachobadilika ni namna ya kucheza. Mateke makali yanaweza kugeuka kuwa kujisukuma, kujiviringisha na kunyoosha mguu chini ya mbavu. Namna ikibadilika, sawa. Idadi ikipungua, si sawa.

Hakuna idadi moja ya mateke inayomfaa kila mtoto. Wapo watundu na wapo wapole. Mwanamke ambaye kondo lake limekaa upande wa mbele wa mfuko wa uzazi anaweza kusikia mateke kwa udhaifu, kama mtu anayegonga mlango uliotundikwa blanketi. Shirika la Afya Duniani (WHO) halimtaki kila mjamzito ajaze daftari la kuhesabu mateke kila siku. Kinachotakiwa ni mama kuijua kawaida ya mtoto wake: huamka saa ngapi, huchangamka baada ya nini, hutulia lini. Kwa wengi kawaida hiyo huwa imejengeka kufikia wiki ya 28.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Daktari na mkunga humwona mtoto kwa dakika chache. Mama yuko naye saa 24. Akisema "leo si kama jana", hakuna kipimo cha nyumbani wala mzoefu wa kuzaa anayeweza kumpinga.

"Kunywa soda ya baridi"

Wengine husema maji ya barafu, wengine chai yenye sukari nyingi, wengine kulitikisa tumbo au kuliwekea redio. Tatizo la mbinu hizi ni muda. Mama hunywa, husubiri nusu saa, husikia kitu kidogo, hutulizwa roho, kisha hulala. Tikisiko moja baada ya soda halimwambii mtu yeyote kwamba mtoto amerudi kwenye kawaida yake.

Mbinu mpya ya mjini ni simu. Zipo programu zinazodai kusikiliza moyo wa mtoto kwa kuweka simu tumboni, na vifaa vidogo vya kusikilizia mapigo vinavyouzwa mitandaoni. Programu ya kumkumbusha mama tarehe ya kliniki haina ubaya. Kinachotia hofu ni mama asiye na mafunzo kusikia mapigo yake mwenyewe, au mvumo wa damu kwenye kondo la nyuma, akadhani ni moyo wa mtoto. Tena hata moyo ukisikika kweli, kusikika tu hakumaanishi mtoto yuko salama. Mkunga husikiliza kasi ya mapigo, mpangilio wake na mabadiliko yake.

"Kliniki si Alhamisi?"

Kliniki haina mbadala. Mwaka 2016 WHO ilipandisha idadi ya mahudhurio inayopendekezwa kwa mjamzito kutoka 4 hadi 8: la kwanza kabla wiki ya 12 haijapita, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Tanzania nayo imeingiza mahudhurio 8 katika mwongozo wake. Wanaoanza kliniki mwezi wa sita, tumbo linapokuwa limeshaonekana na mtaa mzima, hukosa mahudhurio ya mwanzo ambayo mengine yote huyategemea.

Vipimo vingi vinavyofanywa pale humhusu mtoto, ingawa sindano anachomwa mama.

Shinikizo la damu hupimwa kila mara kwa sababu likifika 140/90 na kuendelea, hasa protini ikionekana kwenye mkojo, linaweza kuwa mwanzo wa kifafa cha mimba. Hali hiyo humtishia mama na hupunguza damu inayokwenda kwa mtoto.

Wingi wa damu hupimwa kwa kuwa mama mwenye upungufu, yaani chini ya gramu 11 kwa desilita, yuko kwenye hatari ya kujifungua mtoto njiti au mwenye uzito mdogo. Vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi hutolewa kwa sababu hiyo.

Kaswende na virusi vya ukimwi hupimwa mapema kwa kuwa vyote vinaweza kumfikia mtoto, na vyote vinadhibitika. Kaswende isiyotibiwa ni miongoni mwa sababu za watoto kufia tumboni. Hutibiwa kwa sindano ya penisilini.

Dawa ya SP ya kuzuia malaria humezwa mbele ya mhudumu kuanzia wiki ya 13, kwa kupishana angalau mwezi mmoja. Malaria hujificha kwenye kondo la nyuma na kumnyima mtoto chakula hata pale mama asipokuwa na homa. Anayetumia septrini kila siku kwa sababu ya virusi vya ukimwi hapewi SP, hivyo aseme mapema. Kulala ndani ya chandarua kunabaki palepale kwa wote.

Kisha huja futi kamba, ile ile ya fundi cherehani. Mkunga hupima kuanzia mfupa wa kinena hadi kilele cha mfuko wa uzazi. Baada ya wiki ya 20, sentimita hukaribiana na wiki: wiki ya 30, takriban sentimita 30. Tofauti ikizidi sentimita 3, huangaliwa kama mtoto amedumaa, ni pacha, maji yamezidi au tarehe zilikosewa. Ndiyo maana kadi ya kliniki isiachwe nyumbani. Kipimo kimoja husema kidogo. Vipimo vitano vilivyopangwa mstari mmoja huonyesha kama mtoto anakua.

Mwisho ni moyo. Katika vituo vingi bado hutumika kifaa chenye umbo la tarumbeta ndogo, alichokibuni daktari wa Ufaransa Adolphe Pinard mwaka 1895. Hakihitaji umeme wala betri, na sikio la mkunga mzoefu hukitendea haki. Mapigo ya kawaida ya mtoto ni kati ya 110 na 160 kwa dakika, karibu mara mbili ya mapigo ya mtu mzima. Kwa vyumba vya kujifungulia kuna kifaa cha kisasa zaidi kinachoitwa Moyo, kwa Kiswahili hicho hicho, ambacho kilifanyiwa utafiti hapa Tanzania chini ya mradi wa Safer Births, ikiwamo katika Hospitali ya Haydom mkoani Manyara. Mama ana haki ya kuuliza: "Mapigo yake ni mangapi?" na kuona yakiandikwa kwenye kadi.

Kuhusu utrasaundi, WHO inapendekeza angalau kimoja kabla ya wiki ya 24. Wengi hukikimbilia kujua kama ni wa kike au wa kiume. Kazi yake hasa ni kuhakiki umri wa mimba, kuona kama ni mmoja au ni pacha, na kuangalia maumbile ya mtoto. Picha nzuri ya mwezi wa tano haimhakikishii mtu hali ya mwezi wa nane.

Hapo ndipo lilipo kosa la nne. Hata mjamzito asiyekosa kliniki hata moja, hubaki na wiki mbili, tatu au sita katikati ambazo hakuna mkunga anayesikiliza. Mtoto akipunguza kucheza Jumatatu, Alhamisi ni mbali. Hata Jumanne asubuhi ni mbali. Wodi ya wazazi katika kituo cha afya au hospitali hupokea watu usiku.

Akifika, nini hufanyika

Wapo wanaosita kwa kuogopa kuonekana wasumbufu, au kufokewa. Husaidia kufika na maneno mafupi yaliyo wazi: "Nina wiki 34. Mtoto hachezi kama kawaida tangu asubuhi." Sentensi hiyo humwambia mhudumu yote anayohitaji kuanza kazi.

Mkunga atasikiliza moyo wa mtoto huku akishika mapigo ya mama, ili asichanganye ya huyu na ya yule. Atapima presha, mkojo na tumbo. Atauliza kuhusu maji kuvuja, damu, homa. Mimba ikiwa imevuka wiki ya 28, hospitali yenye mashine ya kuchora mapigo ya mtoto itamfunga mikanda tumboni kwa dakika 20 au zaidi. Utrasaundi unaweza kufuata, kuangalia ukuaji wa mtoto, wingi wa maji na mtiririko wa damu. Zahanati isiyo na vifaa hivyo inapaswa kusikiliza moyo na kuandika rufaa.

Wengi wa wanaokwenda kwa sababu hii hukutwa watoto wao wako salama na hurudishwa nyumbani. Hiyo si safari ya bure. Kwa wachache, hukutwa mtoto aliyechoka, na uamuzi wa kuanzisha uchungu au kufanya upasuaji hufanyika angali hai. Na aliyerudishwa nyumbani leo, mtoto akipunguza tena wiki ijayo, arudi tena. Mara ya pili isichukuliwe kama kawaida yake mpya.

Zipo dalili nyingine ambazo nazo hazisubiri asubuhi: kutokwa damu ukeni, chupa kupasuka kabla ya wakati, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba ghafla, maumivu makali ya tumbo, homa kali na degedege. Ambaye amefika wiki ya 24 bila kumsikia mtoto hata mara moja naye aende akasikilizwe.

Kazi ya wengine nyumbani

Takwimu za Umoja wa Mataifa zinaonyesha kwamba karibu watoto milioni 2 huzaliwa wakiwa wamefariki kila mwaka duniani, baada ya mimba kufikisha wiki 28 au zaidi. Zaidi ya asilimia 40 kati yao hufariki wakati wa uchungu, maana yake waliingia katika leba wakiwa hai.

Si kila kifo cha aina hii kingeweza kuzuiwa. Wapo akina mama waliowahi, wakasikilizwa, na bado wakapoteza watoto. Huyo hana la kulaumiwa, na maswali ya "kwani hukusikia?" kutoka kwa ndugu ni ukatili juu ya msiba. Ila zipo saa ambazo familia inaweza kuziokoa, na nyingi kati ya hizo hupotelea nyumbani, kati ya mama kusema "sijamsikia" na mtu wa kwanza kunyanyuka.

Kwa hiyo maandalizi si ya mjamzito peke yake. Namba ya bodaboda au bajaji anayeaminika iwe kwenye simu ya mume na ya jirani. Nauli ya dharura iwekwe kando kuanzia mwezi wa sita. Ijulikane mapema ni kituo gani kina huduma ya usiku na nani atabaki na watoto. Kwa Tanzania, upo mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama kwa wajawazito na watoto wachanga, unaopatikana kwa kupiga 115 bila malipo.

Mume akienda kliniki na mkewe angalau mara moja, atasikia mwenyewe mkunga akieleza dalili za hatari, na siku ikifika hatahitaji kushawishiwa. Mama mkwe naye, ambaye neno lake huwa na uzito, anaweza kuwa wa kwanza kusema "mpelekeni". Na mjamzito mwenyewe, kuanzia wiki ya 28, alale kwa ubavu badala ya chali, kwa kuwa tafiti zimehusisha kulala chali miezi ya mwisho na hatari zaidi kwa mtoto. Akishtuka usiku amelala chali, asihofu. Ageuke tu na kuendelea kulala.

Rudi sasa kwenye ile nyumba ya vyumba vitatu. Saa 4 usiku, kiganja juu ya tumbo.

"Baba watoto, huyu mtoto leo hajacheza."

"Tangu saa ngapi?"

"Asubuhi."

Mume anavaa viatu na kumpigia mtu wa bajaji. Mama mkwe anatoka sebuleni na khanga mbili na kadi ya kliniki. Saa 5 kasoro wako kwenye benchi la wodi ya wazazi, na dakika chache baadaye mkunga ameinama juu ya tumbo, macho kwenye saa ya mkononi, anahesabu. Chumba kizima kimenyamaza kumsubiri.

"Mapigo 142," anasema, na kuyaandika kwenye kadi. "Mmefanya vizuri kuja. Sasa tumfunge mashine tumwangalie vizuri."